Unene unaleta pumu, au pumu ndiyo inayonenepesha? Wenye miaka ishirini na kitu tusaidiane

#1 Mkwaju Mtamu
Habari wakuu. Nina miaka 24, niko Dar. Utotoni sikuwahi kuugua kifua hata siku moja. Niliingia chuo na kilo 60, nikatoka na kilo 81, urefu wangu sentimita 162. Mwaka wa tatu ndipo kifua kikaanza. Saa tisa usiku naamka nimebanwa, kikohozi kikavu, nikitoa pumzi kifua kinapiga mluzi mpaka mwenzangu wa chumbani anaamka. Daktari akasema ni pumu, akaniandikia inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua, akamalizia na "punguza mwili". Nikamuuliza mwili na pumu vinahusiana vipi, lakini foleni ilikuwa ndefu, akaita mwingine.

Mama anasema pumu ni ya ukoo, maana shangazi yangu mkubwa anayo na hajawahi kuvuka kilo 50. Dada mmoja kazini anasema nimenenepa kwa sababu ya pumu yenyewe, kwamba siku hizi hata ngazi nazikwepa. Nipo njia panda. Kipi kinaanza? Na nikipungua, itaondoka?

#2 Ngalawa
Nimeweka kambi hapa. Mdogo wangu naye kaanza hivyohivyo akiwa na miaka 21.

#3 Mti Mkavu
Mimi nina kilo 52 kwa urefu wa sentimita 175. Pumu ninayo tangu sijaanza darasa la kwanza, nimelazwa nayo, nimekosa mitihani kwa ajili yake. Kama unene ndio unaoleta pumu, mimi imenitokea wapi? Siku hizi mtu mwenye mwili akiumwa hata jino anaambiwa apungue kwanza. Huko ni kumtoa mgonjwa mlangoni bila kumsikiliza. Dada #1, tafuta kinachokuchokoza: vumbi, mende, moshi, paka, baridi. Kilo waachie wauza nyama.

#4 Tabibu wa Kata
Mkuu Mti Mkavu, una haki ya kukasirika kuhusu kumtoa mgonjwa mlangoni. Ila tusichanganye mambo mawili. Pumu si ugonjwa wa sura moja. Kuna ile inayoanza utotoni, mara nyingi ina mzio ndani yake: pua inawasha, macho yanawasha, ukurutu wa ngozi, ukoo mzima wanapiga chafya. Hiyo ni yako. Kuna nyingine inaanza ukubwani, zaidi kwa wanawake, mzio hauonekani sana, na mara nyingi mwili umeongezeka kabla. Dada #1 anaelekea huko.

Kwamba unene unatangulia, watu wamelifuatilia sana. Mwaka 2007 ilichapishwa tathmini iliyounganisha tafiti 7 zenye watu wazima zaidi ya 333,000 ambao mwanzoni hawakuwa na pumu. Waliokuwa na uzito uliozidi au unene waliugua pumu kwa asilimia 51 zaidi kuliko wenye uzito wa kawaida, na kadiri mwili ulivyozidi ndivyo hatari ilivyopanda. Wanaume na wanawake hawakutofautiana. Kabla ya hapo, mwaka 1999, yalitoka matokeo ya Wamarekani waliowafuatilia wauguzi wa kike zaidi ya 85,000: waliokuwa wameongezeka uzito baada ya miaka 18 waliugua zaidi kuliko waliobaki na mwili wao. Hao walimzidi dada huyu umri, ila kuongezeka baada ya miaka 18 ni kama kwake.

BMI yako dada, yaani kilo zako ukizigawanya kwa urefu wa mita mara urefu tena, ni karibu 31. Kuanzia 30 ndipo tunapoita unene uliopitiliza.

#5 Mti Mkavu
Asante tabibu, takwimu nimezisoma. Lakini asilimia 51 zaidi ya kitu kidogo bado ni kidogo. Wengi wenye miili mikubwa hawana pumu kabisa. Nenda Kariakoo uone akina mama wenye miili yao wanavyopandisha mizigo ghorofani na kifua kiko safi.

#6 Jiwe la Chuma
Naona mnazunguka tu. Mimi ni mwalimu wa mazoezi. Mtu mwenye kilo 81 kwa urefu huo akipanda ngazi lazima aheme. Daktari anasikia "nahema", anaandika pumu, anampa inhela. Hiyo siyo pumu, huko ni kukosa pumzi kwa sababu ya mwili. Kuna utafiti wa Kanada ulikuta theluthi ya wanene walioambiwa wana pumu hawakuwa nayo.

#7 Bahari ya Kale
@Jiwe la Chuma utafiti huo umeunukuu nusu. Ni wa mwaka 2008. Waliwapima upya watu wazima walioambiwa na madaktari kwamba wana pumu, wanene na wasio wanene. Ni kweli kwamba kwa wanene karibu asilimia 32 hawakuwa na pumu. Lakini kwa wasio wanene ilikuwa karibu asilimia 29. Tofauti hiyo haina uzito. Kwa hiyo kosa la kubandikwa pumu bila kupimwa linawakumba wote, mwembamba na mnene, na halitokani na mwili.

Na soma vizuri #1. Anaamka saa tisa usiku na mluzi. Hapo kuna ngazi gani anayopanda usingizini?

#8 Jiwe la Chuma
Hilo la usiku nakubali, kuhema kwa ngazi hakumwamshi mtu. Lakini bado nauliza: kipimo gani kimefanyika?

#9 Mkwaju Mtamu
Hakuna kipimo. Alinisikiliza kifua kwa mashine ya masikioni, akaandika.

#10 Tabibu wa Kata
Basi Jiwe la Chuma kauliza swali la maana kuliko yote kwenye uzi huu. Pumu inathibitishwa kwa spirometri: unavuta pumzi mpaka mwisho, unaipuliza kwa nguvu zote kwenye mrija, unaendelea kusukuma mpaka hakuna kitu kimebaki. Kisha unapewa dawa ya inhela, unasubiri kama dakika 15, unapuliza tena. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 na mililita 200 kwenda juu, kifua kimefunguka kwa dawa, na huo ni ushahidi mzuri wa pumu. Usipofunguka siku hiyo haimaanishi huna, maana pumu inakuja na kuondoka, lakini tunakuwa tumeanza kujua. Hospitali za rufaa na za kanda ndiko utakikuta kirahisi zaidi.

#11 Mama Pilipili
Hodi. Mnazungumza unene unaleta pumu, mimi niseme upande wa pili kwa mwili wangu mwenyewe. Niko Morogoro, nina miaka 29. Pumu ilinianza nikiwa mwembamba kabisa. Kila nikibanwa nilikuwa naenda duka la dawa la mtaani, napewa vidonge vidogo vyeupe kwenye kikaratasi, haviandikwi jina. Nikimeza, kesho yake kifua kimefunguka kabisa, na njaa isiyoelezeka inaanza. Nakula ugali wa usiku, saa sita naamka kutafuta kiporo. Uso ukawa wa mviringo, mashavu yamejaa, shingo nyuma imeota nyama. Watu wakanipongeza, "umependeza, mume anakutunza".

Baadaye daktari mmoja akaniuliza nilichokuwa nameza, nikamwonyesha. Ni prednisoloni. Kwa hiyo mimi unene wangu umeletwa na dawa ya pumu. Nikianza kuhesabiwa kwenye takwimu za tabibu #4, nitaonekana mnene mwenye pumu, kumbe pumu ilitangulia.

#12 Bahari ya Kale
Mama Pilipili umesema jambo kubwa. Kwa haki ya zile tafiti, walioingia mwanzoni walikuwa hawana pumu, kwa hiyo wewe usingehesabiwa. Lakini njia yako nayo imefuatiliwa. Kule kusini mwa California waliwafuatilia watoto zaidi ya 2,100 ambao hawakuwa wanene walipoanza kufuatiliwa, kwa muda wa hadi miaka 10, matokeo yakatoka 2017. Waliokuwa na pumu mwanzoni walinenepa kupita kiasi kwa asilimia 51 zaidi ya wenzao.

Angalieni namba hiyo vizuri. Unene kwenda pumu, asilimia 51 kwa watu wazima. Pumu kwenda unene, asilimia 51 kwa watoto. Imetokea tu, ni watu tofauti na tafiti tofauti, lakini mimi nikiiona naona barabara ya njia mbili. Na tena, kwenye utafiti huohuo, watoto waliokuwa wanatumia inhela ya kufungua kifua hawakunenepa sana kama wasioitumia. Labda kwa sababu mtoto aliyefunguka kifua anakimbia na wenzake.

#13 Nesi wa Zamu
Naongezea kwa Mama Pilipili: vidonge hivyo vina kazi yake. Mtu akishikwa vibaya tunampa kwa siku chache na vinaokoa maisha. Shida ni kuvinunua kiholela kila mwezi. Vinapandisha sukari na presha, vinalainisha mifupa, na ukishavizoea ukiviacha ghafla unaweza kuzimia, kwa hiyo anayevimeza kila siku muda mrefu asivikate mwenyewe, aende apunguziwe kidogokidogo. Na wale mabinti wanaonunua vidonge vya kuongeza mwili mitandaoni, vingi ni jamii hiyohiyo. Namwona binti kavimba uso, anasema ameongeza mwili, mimi naona dawa.

Inhela ya kahawia, ile ya kuzuia pumu, nayo ina steroidi ndani, yaani dawa ya kutuliza uvimbe ya jamii ya vidonge hivyo, lakini ni kiasi kidogo sana na inakwenda kifuani moja kwa moja. Msiiogope kwa sababu ya stori ya vidonge. Sukutua mdomo na maji uteme baada ya kuvuta, basi.

#14 Ngalawa
Kumbe mashavu ya shemeji yangu yana maelezo. Nilikuwa namsifu kaka kwa matunzo.

#15 Kipepeo cha Nakuru
Salamu kutoka Nakuru. Naona mnaruka jambo moja. Binti anatoka kijijini, kule anatembea, anachota maji, anakula mboga na ugali. Anakuja mjini, anapanga chumba kimoja, jiko la makaa liko humohumo ndani kwa sababu nje mvua au wizi. Dirisha limefungwa. Barabarani moshi wa matatu na pikipiki. Kazi ni ya kukaa, chakula ni chipsi kwa sababu kupika kunachosha. Baada ya miaka mitatu ana kilo 15 zaidi na ana pumu. Halafu tunakaa kubishana kama kilo zimeleta pumu. Mji umeleta vyote viwili kwa wakati mmoja! Kilo na pumu ni ndugu wa mama mmoja.

#16 Mti Mkavu
Kipepeo umenisemea. Hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

#17 Chipsi Zege
Mbona uzi umeanza kunigusa jina.

#18 Jiwe la Chuma
@Chipsi Zege wewe subiri, kesi yako inasikilizwa kesho.

#19 Bahari ya Kale
Hoja ya Kipepeo ina nguvu, na ndiyo sababu wataalamu walitafuta njia ya kuikwepa. Waliangalia jeni. Mtu anazaliwa na jeni za kuelekea kunenepa hata kabla hajahamia mjini, na hazibadiliki kwa moshi wala chipsi. Watoto wa Bristol, Uingereza, waliochunguzwa kwa njia hiyo, matokeo yalitoka 2014: wenye jeni zinazosukuma uzito juu walikuwa na pumu zaidi, na zaidi ni pumu isiyokuwa na mzio. Ukiegemea hapo, unene una mkono wake peke yake, moshi pembeni. Ingawa Bristol si Nakuru, na hao ni watoto.

#20 Kipepeo cha Nakuru
Bristol hawapikii makaa chumbani. Tuletewe ya kwetu ndipo nitanyamaza.

#21 Tabibu wa Kata
Ya kwetu ninayoweza kukupa ni ya uzito: utafiti wa afya wa taifa wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Ule wa 2010 ulikuwa asilimia 22. Ndani ya miaka michache tumepanda hivyo, na wa mjini wanaongoza. Kwa hiyo hoja yako ya mji haijafa.

#22 Mkwaju Mtamu
Wakuu, asanteni. Sasa mtu anieleze kwa lugha ya kawaida, mafuta ya tumbo yanafikaje kwenye mapafu?

#23 Nesi wa Zamu
Mdogo wangu, lala chali kitandani, mwombe mtoto wa dada yako wa miaka miwili akae juu ya tumbo lako. Vuta pumzi. Utaona unavuta fupifupi. Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinashindwa kushuka kwa sababu tumbo linakisukuma juu. Mafuta ya kifuani nayo yanakandamiza mbavu. Basi ukimaliza kutoa pumzi, hewa inayobaki mapafuni ni kidogo kuliko inavyotakiwa. Na ile hewa inayobaki ndiyo inayosaidia kuvuta vijia vidogo vibaki wazi. Ikipungua, vijia vinakaa vyembamba muda wote, na vingine vya chini kabisa vinajifunga. Sasa mtu mwenye vijia vyembamba tayari, msuli wake ukikaza kidogo tu, kifua kimeziba. Ukilala ni mbaya zaidi, ndiyo maana ya saa tisa usiku.

#24 Tabibu wa Kata
Nesi kaeleza ya kubanwa kwa nje. Ipo ya ndani pia. Mafuta hayakai kimya mwilini, yanatoa kemikali zake. Kuna homoni inaitwa leptini, inatoka kwenye mafuta yenyewe, na kuna nyingine za kuchochea uvimbe, hasa kutoka mafuta ya tumboni. Zinazunguka na damu mpaka kwenye njia za hewa. Uvimbe huo si wa aina ile ya mzio, ndiyo maana inhela ya kahawia kwa baadhi ya wenye mwili inafanya kazi kwa kusuasua ukilinganisha na kina Mti Mkavu. Narudia: kwa kusuasua, sijasema haifanyi. Mtu asiitupe.

#25 Bibi Asali
Mimi naweka la tatu. Kiungulia. Mwenye tumbo kubwa asidi inampanda usiku akilala, inachoma koo, nyingine inapenya kidogo kifuani. Mwanangu wa kiume, miaka 23, alikohoa usiku tukamaliza dawa zote za kikohozi. Tulipoacha kumpa chakula saa nne usiku na kuinua kichwa cha kitanda kwa matofali, kikohozi kikapungua sana. Pumu yake bado ipo, ila usiku tunalala.

#26 Kapteni Mstaafu
La nne basi: kukoroma. Mwenye shingo nene anakoroma, pumzi inakatika usingizini, anashtuka anatafuta hewa. Mke wangu alidhani nina pumu, kumbe ni hilo. Dada #1, muulize mwenzako wa chumbani kama unakoroma na kunyamaza ghafla.

#27 Mkwaju Mtamu
Kaka Kapteni, nimemuuliza. Anasema nakoroma kidogo lakini sikatiki. Kiungulia ninacho, Bibi Asali, shikamoo, na mimi ndiye wa chakula cha saa nne usiku.

#28 Bibi Asali
Marahaba mwanangu. Kula saa moja. Chai ya maziwa ya usiku nayo iache.

#29 Binti Pangani
Hakuna aliyegusa hedhi. Mimi nina miaka 26, kifua changu kinajua tarehe kabla yangu. Siku mbili tatu kabla, lazima kinibane. Pumu ya utotoni iko zaidi kwa wavulana, baada ya kuvunja ungo inahamia kwetu. Unene nao unaongeza homoni za kike, maana mafuta yenyewe yanazitengeneza. Mnapopiga hesabu za vijana wa kike msiliache hili nje.

#30 Tabibu wa Kata
Ni hoja ya kweli dada, na wapo wagonjwa wengi wa namna yako. Andika tarehe za kubanwa pamoja na za hedhi, umpelekee daktari.

#31 Jiwe la Chuma
Turudi kwenye swali la pili la #1. Akipungua itaondoka? Wafini walijaribu, mwaka 2000. Wanene wenye pumu waliwekwa kwenye mpango wa kupungua wenye mlo mkali wa wiki 8 ndani yake, walipoumaliza walikuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 14 ya uzito, mapafu yakapuliza vizuri zaidi, na mwaka mmoja baadaye bado walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Nimewaona na kwangu uwanjani pia.

#32 Bahari ya Kale
Ni kweli, ila walikuwa watu 38 tu, nusu kwenye mlo, nusu bila. Na mlo ule ulikuwa chini ya uangalizi wa daktari, si wa kujinyima na maji ya limao. Walipata nafuu, hawakupona. Dawa waliendelea nazo.

#33 Tabibu wa Kata
Kwa kawaida tunamwambia mgonjwa alenge asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wake. Kwa kilo 81 ni kama kilo 4 mpaka 8. Hapo wengi wanaanza kuona tofauti kwa usiku na kwa idadi ya kuvuta inhela.

#34 Kilo Tisini
Shuhuda. Nilikuwa 104, sasa 90, miaka 27, pumu ilinianza nikiwa na 23. Zamani bluu nilikuwa naivuta kila siku, sasa hivi wiki inapita sijaigusa. Sikukimbia hata siku moja. Niliacha soda, nikaanza kutembea kutoka Mwenge mpaka Makumbusho asubuhi.

#35 Sauti ya Zege
Na mimi shuhuda wa upande mwingine. Nimepungua kilo 18. Nguo zote zimenipwaya, sukari imeshuka, namshukuru Mungu. Pumu iko palepale. Yangu ni ya tangu utotoni, ya mzio, nikipita kwenye nyumba yenye paka nimekwisha. Kwa hiyo mtu asije akampima mwenzake kwa kilo akasema "ungepungua ungepona".

#36 Mti Mkavu
Sauti ya Zege, njoo tukae meza moja.

#37 Nesi wa Zamu
Jamani kabla hamjapongezana kupungua. Mtu akikohoa wiki 2 au zaidi, anatoka jasho usiku, na kilo zinashuka bila yeye kutaka, hiyo siyo ushindi dhidi ya pumu. Apime kifua kikuu haraka. Kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Nimeshapokea kijana aliyevutishwa inhela miezi kadhaa huku anakwisha mwili, watu wanamwambia pumu inakausha. Makohozi yalipopimwa ilikuwa TB. Mti Mkavu, kwa kilo 52 na urefu huo uko chini ya uzito unaotakiwa. Wewe ni wa siku zote, sawa, lakini ukianza kushuka zaidi usilale.

#38 Mti Mkavu
Nimekuelewa dada nesi. Nilipimwa mwaka jana, niko salama. Na kwa kuwa umeligusa: nimesoma kwamba baadhi ya tafiti zimekuta waliokonda sana nao wana pumu zaidi ya wenye uzito wa kati. Mbona hatuambiwi "ongeza mwili"?

#39 Bahari ya Kale
Swali zuri hilo. Sehemu ya jibu inaweza kuwa kwamba ugonjwa mkali unakondesha, au mtu alizaliwa na uzito mdogo na mapafu madogo. Na BMI yenyewe ni kipimo kigumugumu. Mjenga misuli wa Jiwe la Chuma anaweza kusoma 30 bila mafuta. Kamba ya fundi cherehani kiunoni inaweza kukuambia zaidi.

#40 Tabibu wa Kata
Dada #1, kuna kitu kimepita kimya kwenye maelezo yako na mimi kinanikosesha raha. Umepewa bluu peke yake. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema mtu mzima au kijana mwenye pumu asitibiwe kwa bluu peke yake. Bluu inalegeza msuli kwa saa chache, uvimbe ndani unabaki. Mtu anaivuta zaidi na zaidi, anaona inamsaidia, halafu siku moja inagoma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 455,000 walikufa kwa pumu mwaka 2019, na wengi ni wa nchi kama zetu, ambako dawa ya kuzuia haipatikani au haijulikani. Unaamka usiku, maana yake pumu haijatulizwa. Rudi ukaombe dawa ya kuzuia yenye steroidi. Kupungua kilo kutachukua miezi. Hiyo dawa ianze wiki hii.

Ukiona huwezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, au bluu haikusaidii, usiandike hapa, nenda hospitali.

#41 Mkwaju Mtamu
Asante sana kaka. Hilo sikuambiwa. Ninavyovuta pia sina uhakika kama inaingia, nusu naisikia ulimini.

#42 Nesi wa Zamu
Tumia spesa, kile chombo cha kukaa kati ya inhela na mdomo. Kama huna, chupa ya maji ya nusu lita. Toboa tundu kwenye kitako chake liwe na umbo la mdomo wa inhela, chomeka, ziba pembeni kwa gundi au plasta hewa isivuje. Tikisa inhela, toa pumzi yote, weka mdomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, vuta polepole, shikilia mpaka kumi. Prof. Heather Zar wa Cape Town aliijaribu kwa watoto waliobanwa, matokeo yakachapishwa 1999: chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani.

#43 Chipsi Zege
Kumbe chupa za mtaani zina kazi. Kesi yangu inaanza saa ngapi?

#44 Jiwe la Chuma
Wewe kesho asubuhi uwanjani, mwendo wa kutembea tu. Dada #1 nawe karibu. Kupasha mwili dakika 10 taratibu, inhela mfukoni, na kama daktari wako amekubali, vuta kabla ya kuanza. Siku ya vumbi au moshi fanyia ndani.

#45 Mkwaju Mtamu
Taarifa: nimerudi hospitali, nyingine. Nimepewa dawa ya kuzuia na nimepangiwa spirometri wiki ijayo. Daktari wa safari hii naye kasema mwili, lakini kanieleza, na kauliza kuhusu shangazi. Anaona vyote viwili vinaweza kuwa vyangu.

#46 Tabibu wa Kata
Vizuri sana. Siku ya kipimo usivute bluu kwa muda wa saa 4 kabla yake, labda ubanwe. Kuhusu ile ya kuzuia, waulize wao, inategemea aina. Usivae nguo ya kubana, usishibe sana.

#47 Mama Pilipili
Na mimi nimeanza kupunguziwa vidonge. Nitaleta habari.

#48 Mzazi wa Form Four
Naomba kuuliza hapahapa. Mwanangu ana miaka 17, yuko bweni. Ana pumu tangu mdogo. Shule ilimtoa kwenye michezo yote, siku ya mpira anabaki bwenini peke yake, na mwili umeongezeka sana tangu hapo. Inhela inafungiwa kabatini kwa matroni. Usiku wa juzi alibanwa, wakatafuta ufunguo.

#49 Bahari ya Kale
Mzazi, huyo ndiye mtoto wa California niliyemsema #12, ila wa kwetu.

#50 Nesi wa Zamu
Mzee wangu, usisubiri likizo. Inhela ya bluu inakaa mfukoni mwa mtoto mwenyewe, usiku chini ya mto, na ya akiba ndiyo ikae kwa matroni. Mwombe daktari wake aandike barua ya ukurasa mmoja: dawa gani anavuta lini, dalili gani ni za hatari, nani apigiwe simu, na kwamba anaruhusiwa kucheza. Ipeleke mwenyewe kwa mkuu wa shule, waite na mwalimu wa michezo muisome pamoja. Na muulize kijana kama ana ya kuzuia au anategemea bluu tu.

#51 Mti Mkavu
Mimi nilikuwa kijana huyo wa kubaki bwenini, na sikunenepa hata gramu. Kwa hiyo kwenye hoja ya uzito bado sijahama. Lakini mzee, nenda kesho.